Lami Imefika, Fowili Itoke



Tumezoea kuwaletea habari za visima, vikundi vya kina mama na mashamba ya mfano. Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona ni la dereva peke yake, lakini likikosewa linagusa bajeti ya parokia nzima. Nalo ni matumizi ya fowili, yaani gari kuvutwa na magurudumu yote manne, linapokuwa kwenye barabara ya lami.

Somo hili tulilipata kwa gharama. Msimu mmoja wa mvua, pikapu yetu ilitoka kwenye kigango cha mbali ikiwa na mama mjamzito aliyekuwa anapelekwa Hospitali ya Kabanga. Njia ilikuwa tope tupu. Dereva aliweka fowili, na alifanya vizuri, maana bila hiyo wasingetoka. Walipopanda kwenye lami kila mtu alishukuru, gari likaongezwa mwendo, na hakuna aliyekumbuka kuitoa ile fowili. Kwenye njiapanda, wakati wa kukata kona, usukani ukawa mzito na gari likaanza kuruka-ruka kama linashikwa breki. Dereva akavuta kijiti, kikakataa kutoka. Akaamua kuendelea hivyo hivyo, kwa kuwa alikuwa na mgonjwa. Mbele kidogo ukasikika mlio mkubwa chini ya gari. Krosi ya propela ya mbele ilikuwa imekatika, na propela inaning'inia.

Mama yule alifika hospitali kwa gari la msamaria aliyekuwa akipita, akajifungua salama. Lakini pikapu ililala gereji kwa majuma kadhaa ikisubiri spea, kliniki ya vijijini ikaahirishwa, na fedha zilizolipa matengenezo hazikuwa kwenye bajeti. Fundi alipofungua transfa alituonyesha meno ya gia yaliyoumia. Tulitaka kumlaumu dereva. Tulipokaa na kutafakari tukaona kosa kubwa ni letu ofisini: tulimkabidhi funguo, hatukumpa somo. Ndiyo maana tunaandika makala hii.

BARABARA ZETU ZIMEBADILIKA

Wanaoijua Kasulu na Kibondo ya zamani wanajua tulikotoka. Kwa miaka mingi dereva wa huku alijifunza kazi kwenye udongo mwekundu, unaoteleza kama sabuni mvua inaponyesha na kugeuka vumbi wakati wa kiangazi. Kuanzia miaka ya 1990, malori ya misaada ya wakimbizi yalipoanza kupita kwa wingi, madimbwi yakawa makubwa zaidi. Dereva aliyeweka fowili wakati mvua zinaanza aliweza kukaa nayo siku nyingi bila kuona ubaya wowote. Barabara yenyewe ilimsamehe.

Sasa hali ni nyingine. Barabara ya Kidahwe hadi Kasulu, kilometa 63, ilijengwa kwa lami. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kugharimia mradi wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260.6, uliogawanywa katika vipande vinne. Lakini njia za kwenda kwenye vigango vingi bado ni za udongo, na nyingi ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini. Kwa hiyo katika safari moja pikapu ya parokia hutoka kwenye tope, ikaingia kwenye lami, ikapita kwenye mchepuko, ikarudi kwenye lami, kisha ikaingia tena kwenye udongo. Dereva aliyezoea kuweka fowili na kuisahau ndiye anayeumia hapo. Barabara mpya haisamehi.

KWA NINI LAMI INAUMIZA GARI?

Tunaomba kila kamati ifanye jaribio hili, halina gharama. Baada ya mvua kidogo, tafuteni uwanja wa udongo laini. Mwambieni dereva akate kona kali taratibu, fowili ikiwa imetolewa. Halafu shukeni mkaangalie alama za matairi. Mtaona magurudumu ya mbele hayakupita pale yalipopita ya nyuma. Ya mbele yalizunguka kwa nje, ya nyuma yakakata kwa ndani. Maana yake ya mbele yalitembea safari ndefu zaidi.

Ni ndefu kiasi gani? Chukueni pikapu yenye mita 3.2 kati ya eksli ya mbele na ya nyuma. Ikikata kona ya pembe mraba, huku katikati ya eksli ya nyuma ikizunguka umbali wa mita 6 kutoka kwenye kitovu cha kona, eksli ya nyuma itatembea kama mita 9.4, na ya mbele kama mita 10.7. Tofauti inazidi mita 1.2 kwa kona moja tu.

Gari likiwa linavutwa na magurudumu ya nyuma peke yake, tofauti hiyo haina shida. Ya mbele yanazunguka kivyake. Hata gurudumu la kushoto na la kulia hayazunguki sawa kwenye kona, lakini kila eksli ina difu, na kazi ya difu ni kuliachia gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani.

Tatizo liko kati ya mbele na nyuma. Katika pikapu nyingi tunazotumia, ukiweka fowili, transfa inafunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja ziende kama kitu kimoja. Hakuna difu katikati ya kuzipatanisha. Propela ya mbele inataka kuzunguka zaidi, ya nyuma inakataa, na zote mbili zimefungwa. Kwenye tope hakuna neno, maana tairi moja litateleza kidogo na ule mkazo utaisha. Kwenye lami kavu tairi limeng'ang'ania barabara, halitelezi. Mkazo unakosa pa kutokea, unabaki ndani ya gari ukijikusanya kwenye propela, krosi, gia za transfa na difu. Ni kama kamba inayosokotwa na watu wawili kila mmoja upande wake: mwisho itakatika mahali palipo dhaifu.

Dalili zake ni hizi: usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona; gari linashtuka-shtuka kwenye kona; matairi yanalia; gari linakuwa zito kama limefungwa breki; na kijiti cha fowili kinakataa kutoka. Dereva akiona moja kati ya hizo kwenye lami, asiendelee na safari kwanza.

LIJUE GARI LAKO

Fowili za magari hazifanani, na hapa ndipo madereva wanapobishana. Mmoja anasema, "Mimi natembea na fowili kwenye lami kila siku na gari halijafa." Anaweza kuwa anasema kweli, kwa sababu gari lake ni la aina nyingine.

Aina ya kwanza ni ile ya kuweka na kutoa. Humo zimo Toyota Hilux nyingi na pikapu nyingi za Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambao ulianza kutengenezwa mwaka 1984. Kijiti au kitufe huwa na alama kama 2H, 4H na 4L. Alama ya 2H ni magurudumu ya nyuma tu. 4H ni yote manne kwa mwendo wa kawaida. 4L ni yote manne kwa gia nzito za kujinasua na kupanda milima mibaya. Gari la aina hii likiwa kwenye lami kavu linatakiwa kuwa 2H, basi.

Aina ya pili inavutwa na magurudumu yote manne wakati wote, nayo ina difu ya tatu katikati, kati ya mbele na nyuma. Land Rover Defender na zile One Ten zilizoitangulia tangu 1983 ziko hivyo. Gari hilo linaruhusiwa kwenye lami, ila ile difu ya kati isiwe imefungwa. Dereva akiifunga kwa ajili ya tope akasahau kuifungua, atapata madhara yale yale.

Aina ya tatu inampa dereva uchaguzi. Mitsubishi Pajero nyingi zina mahali pa fowili inayoruhusiwa kwenye lami na mahali pengine pa fowili iliyofungwa kwa ajili ya tope.

Wazee waliozoea Land Rover za zamani wanakumbuka kijiti cha njano na chekundu. Ile ilikuwa ya kuweka na kutoa. Mtu akihama kutoka gari moja kwenda jingine asihamishe mazoea bila kuuliza. Kitabu cha gari kinaeleza yote haya. Kama kilipotea, muulizeni fundi anayelijua gari hilo kabla ya safari.

TARATIBU TUNAZOFUATA SASA

Baada ya lile lililotupata, tuliandika taratibu hizi tukazibandika ndani ya gari. Ni kwa gari la kuweka na kutoa.

1. Mvua zikianza, dereva anafunga habu za magurudumu ya mbele zote mbili, gari likiwa limesimama. Habu za kuzungushwa kwa mkono zina maandishi FREE na LOCK. Moja ikifungwa na nyingine ikaachwa, fowili haitafanya kazi.

2. Habu zikiwa zimefungwa na kijiti kiko 2H, gari linaweza kutembea kwenye lami bila madhara. Kinacholeta mkazo ni kijiti kuwa 4H au 4L. Habu zilizofungwa zinazungusha tu vyuma vya mbele na kula mafuta kidogo zaidi. Kwa hiyo wakati wa mvua dereva hana haja ya kushuka kila lami inapoanza. Atashughulika na kijiti tu.

3. Fowili iwekwe kabla ya kuingia kwenye tope, si baada ya kunasa.

4. Kuweka au kutoa 4H kufanyike gari likienda moja kwa moja, si kwenye kona, na magurudumu yasiwe yanateleza. Magari mengi yanaruhusu hilo huku yakitembea. Sisi tumejiwekea mwendo usiozidi kilometa 40 kwa saa.

5. 4L inawekwa na kutolewa gari likiwa limesimama na gia iko huru.

6. Fowili itolewe mita chache kabla ya lami, gari likiwa bado kwenye udongo. Hapo kijiti kinatoka kwa urahisi, kwa sababu mkazo haujajikusanya.

7. Magurudumu ya mbele yakigusa lami, dereva anaangalia taa ya fowili kwenye dashibodi na kusema kwa sauti, "Fowili imetoka." Aliyekaa pembeni naye anaangalia. Mwanzoni tulicheka, sasa tumezoea.

8. Kwenye uwanja wa saruji, kituo cha mafuta au mbele ya hospitali, tusigeuze gari likiwa kwenye fowili. Kona za hapo ni kali kuliko za barabarani.

KIJITI KIKIKATAA KUTOKA

Kwanza, dereva asikivute kwa nguvu wala kukipiga teke. Asimame mahali salama pembeni mwa barabara, aweke alama za tahadhari, kisha afanye hivi:

Anyooshe usukani. Aweke rivasi na kurudi nyuma mita chache taratibu, akihakikisha hakuna mtu wala baiskeli nyuma. Kwa kurudi nyuma ule msokoto unafunguka. Akikanyaga klachi na kujaribu tena, mara nyingi kijiti kitatoka chenyewe.

Kikikataa bado, aingize magurudumu ya upande mmoja kwenye udongo au changarawe ya pembeni na kwenda mbele na nyuma mita chache. Matairi yatateleza kidogo na mkazo utaisha.

Njia zote zikishindikana, asiendelee kwenye lami kama dereva wetu alivyofanya. Kwa gari lenye habu za mkono, azifungue zote mbili, maana kufanya hivyo kunaachanisha magurudumu ya mbele na propela. Zikiwa ngumu, arudi nyuma kidogo kwanza. Hapo anaweza kwenda polepole hadi kwa fundi. Kama amebeba mgonjwa, aombe gari jingine mapema.

MATAIRI YANAHUSIKA PIA

Hapa tunazungumza hasa na wanaopitisha manunuzi. Wengi wetu tumezoea kununua matairi mawili, kuyafunga nyuma, na kuacha mbele yale yaliyoisha kashata. Tunadhani tumeokoa fedha. Tazameni hesabu hii.

Tairi la pikapu lenye kipenyo cha sentimeta 80 hivi likizunguka mara moja linatembea kama mita 2.5, yaani linazunguka mara 400 kwa kilometa. Tairi lililolika sentimeta 1 kuzunguka lote linapungukiwa na sentimeta 6 na zaidi kila linapozunguka. Zidisha mara 400: ni karibu mita 25 kwa kila kilometa. Kwa hiyo hata gari likienda moja kwa moja bila kona, mbele na nyuma haviendi sawa, na gari likiwa kwenye fowili kwenye lami mkazo unajikusanya kila kilometa. Upepo mdogo kwenye matairi ya mbele huongeza tofauti hiyo.

Kwa gari la fowili, matairi yote manne yawe ya saizi moja na yaliyolika kwa kiasi kinacholingana. Yanunuliwe manne kwa pamoja, na yabadilishane nafasi kwa vipindi ili yalike sawa. Upepo ukaguliwe kila juma.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Lami ikiwa imelowa, je, tuweke fowili? Kwa kawaida hapana. Lami yenye maji bado inalishika tairi kuliko tope. Na fowili haifupishi umbali wa kusimama ukikanyaga breki. Inasaidia kuvuta tu. Dawa ya lami iliyolowa ni kupunguza mwendo na kutotumia tairi kipara. Mahali ambapo lami imefunikwa na tope zito lililoshuka mlimani, fowili inaweza kutumika kwenda moja kwa moja, kisha itolewe mara baada ya kupita.

Tukipanda mlima wa lami na mzigo mzito? Rudisha gia ndogo mapema na panda taratibu ukiwa 2H. Gari likishindwa, tatizo ni mzigo, upunguzwe.

Tukisahau kwa kilometa chache tu, gari limeharibika? Si lazima. Barabara ikiwa imenyooka na matairi yanalingana, huenda halikupata kitu. Itoeni, kisha mwambieni fundi akague krosi za propela na mafuta ya transfa na difu. Chembe za chuma kwenye mafuta ni ishara kwamba ndani kuna kilichoumia. Dereva asifiche. Akijua atafokewa, safari nyingine atanyamaza, na hasara itakuwa kubwa.

Basi tuache kabisa kuitumia? Hapana. Fowili isiyotumika miezi mingi nayo inaharibika, kwa sababu vyuma vya mbele havipati mafuta na habu zinashika kutu. Angalau mara moja kwa mwezi iwekwe kwenye barabara ya udongo kwa kilometa 15 hivi.

WAJIBU WA KAMATI NA WAFADHILI

Kwa kamati za parokia tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mtu asikabidhiwe pikapu kabla hajaonyesha kwa vitendo jinsi ya kuweka na kutoa fowili. Hii ni pamoja na sisi viongozi tunaochukua usukani siku ambayo dereva hayupo. Pili, daftari la gari liwe na nafasi ya kuandika fowili iliwekwa wapi na ikatolewa wapi. Tatu, ukaguzi wa mafuta ya transfa na difu uingie kwenye ratiba ya huduma ya gari, usisubiri mlio.

Kwa ndugu zetu wafadhili, tunawashukuru kwa magari mliyotupatia. Tunaomba mtuelewe tunapoleta ombi la matairi manne badala ya mawili, au siku ya mafunzo ya madereva. Vitu hivi havipigwi picha vikapendeza kama gari jipya, lakini ndivyo vinavyolifanya gari hilo liendelee kufika kigangoni.

Lami tuliingoja miaka mingi, na imetupunguzia safari ya mgonjwa kwa saa nyingi. Tusikubali iwe ndiyo inayotuulia magari. Tunawaomba msome makala hii kwenye kikao kijacho cha kamati, dereva akiwepo, kisha mtoke nje wote mkafanye lile jaribio la alama za matairi. Mkiwa na maswali au mambo mliyojifunza kwenye magari yenu, mtuandikie tuwashirikishe wengine.

Tunawatakia safari njema.